Mshale Uliokosa Kitenzi

Arusha ni mji wa semina. Kuanzia kumbi za AICC na hoteli za mjini hadi ofisi za kata za Meru, Monduli na Longido, watu hawaachi kuketi mbele ya bango kitita lililojaa visanduku na mishale. Kisanduku kimoja kimeandikwa "umaskini", cha pili "elimu duni", cha tatu "ndoa za utotoni", na kati yake imepita mishale ya maka peni nyekundu. Washiriki wananakili. Mwezeshaji anafunua karatasi inayofuata. Jioni karatasi zinakunjwa na kupelekwa ofisini, zinageuka andiko la mradi, na baada ya mwaka mmoja au miwili kijiji kinajengewa bweni au kinachimbiwa kisima kwa nguvu ya mshale ambao hakuna aliyeuliza unasema nini.

Hilo linanikera, na naliandika kwa kuwa naipenda michoro. Naamini mchoro mzuri unaweza kumwonyesha mtu jambo ambalo kurasa kumi za maneno zingemficha. Lakini mchoro ni usemi, na usemi una kanuni zake. Yaliyomo ndani ya visanduku ni majina tu. Jambo lenyewe linasemwa na mstari unaoviunganisha. Ukiandika "ndoa za utotoni" hapa na "elimu duni" pale, bado hujadai chochote. Ukichora mshale kati yake umetoa dai zito, na dai hilo laweza kuwa zaidi ya moja. Binti aliacha shule kwa sababu aliozwa? Ama aliozwa kwa sababu alikuwa ameshakaa nyumbani miezi kadhaa, sekondari ikiwa mbali na njia ikiwa ya hatari? Ama yote mawili yalitokana na jambo la tatu, ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yake? Bweni ni jibu la swali la pili. Kwa la kwanza linasaidia kiasi, na kwa la tatu halisaidii karibu chochote. Mshale mwekundu umeyameza maswali yote matatu, na kamati imeondoka ukumbini ikiamini imekubaliana.

Twende Moshi, kwenye kahawa, maana huko suala hili lina historia ndefu. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao, KNPA, tangu 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Tangu wakati huo swali kuu la ushirika mlimani halijabadilika sana: kahawa yangu imefika wapi, na hela yangu inarudi kwa njia ipi. Siku hizi swali hilo hujibiwa kwa mchoro uitwao mnyororo wa thamani. Mkulima, mshale, chama cha msingi, mshale, kiwanda cha kukoboa, mshale, mnada, mshale, mnunuzi. Visanduku vitano vimepangwa kwa mstari ulionyooka, vinapendeza kwenye slaidi.

Niliwahi kumsikia mkulima mmoja mzee akimsimamisha mwezeshaji kijana katikati ya maelezo hayo.

"Mwanangu, huo mshale unaotoka kwangu kwenda chamani, ni kahawa inayokwenda, ama ni mimi ninayekwenda kuulizia hela?"

"Mzee wangu, huo ni mnyororo wa thamani."

"Mnyororo nimeusikia. Nakuuliza mshale."

Mzee alikuwa sahihi, na swali lake lilistahili asubuhi nzima. Mshale ule unaweza kuwa mzigo: kahawa ya maganda iliyokaushwa, inapimwa chamani na kupakiwa kwenye lori. Lakini fedha inakwenda kinyume cha mzigo, na haiji kwa mkupuo mmoja. Mkulima anapokea malipo ya awali, mara nyingi kutoka kwenye mkopo ambao chama kimechukua benki. Kisha mzigo unakobolewa, unapangwa kwa madaraja, unauzwa mnadani. Baada ya hapo kuna makato ya usafiri, magunia, kukoboa, ushuru na riba ya ule mkopo, na kinachobaki ndicho kinachoshuka kuwa malipo ya mwisho. Hiyo ni mishale mingine kabisa, na baadhi yake inatoka kwenye visanduku ambavyo mchoro wa mwanzo haukuwa navyo. Benki iko wapi kwenye slaidi ile? Msafirishaji yuko wapi?

Kuna mshale wa tatu ambao karibu kila mara unasahaulika, nao ni wa taarifa. Kahawa inapofika Moshi inaonjwa na kupewa daraja, na daraja ndilo linalobeba bei. Mkulima aliyechuma mbivu peke yake, akamenya siku ileile na kuanika vizuri, anastahili kujua kwamba kazi yake ilionekana kwenye kikombe cha mwonjaji. Lakini mzigo wake umeshachanganywa na wa jirani aliyechuma mbichi na mbivu pamoja, na mara nyingi kinachorudi kijijini ni bei ya wastani peke yake. Hakuna mshale wa kurudi. Ukichora mistari mitatu yenye majina, "kahawa hupelekwa kwa", "fedha hulipwa kwa", "taarifa ya ubora hurudishwa kwa", pengo hilo linaonekana lenyewe, kwa sababu mstari wa tatu utakatika njiani na kila aliye ukumbini atauona ulipokatikia. Kwenye mchoro wa mstari mmoja usio na jina pengo limefunikwa, na mchoro umetumika kuficha jambo lilelile ulilotakiwa kulifichua.

Najua jibu litakalokuja: mchoro kazi yake ni kurahisisha, ukiujaza maneno umeuua. Nakubali nusu ya kwanza. Michoro iliyobadilisha fikra za watu iliyatupa nje mengi sana. Leonhard Euler, mwaka 1736, alipoulizwa kama mtu anaweza kutembea mji wa Königsberg akavuka madaraja yake saba, kila moja mara moja tu, aliachana na urefu wa madaraja, upana wa mto na sura ya mitaa. Alibakiza vipande vinne vya ardhi na madaraja yanayoviunganisha, akathibitisha kwamba haiwezekani. Harry Beck, mchoraji wa kihandisi wa London, alifanya jambo la jamaa hiyo alipobuni ramani ya treni za chini ya ardhi iliyochapishwa 1933: aliutupa umbali halisi, akanyoosha reli zote ziwe za wima, za mlalo au za mshazari, maana abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua ashuke kituo gani abadili treni. Mtu wa Ngaramtoni anayekuelekeza nyumba kwa kuchora mavumbini kwa kijiti hufanya vivyo hivyo. Anaacha miti, anaacha maduka, anabakiza njia panda mbili na mtaro.

Lakini tazama wote watatu wanavyofanana katika jambo moja. Kwa Euler kiungo ni daraja linalovukwa mara moja. Kwa Beck mstari ni treni inayopita bila wewe kushuka. Kwa mtu wa Ngaramtoni mstari ni njia inayopitika. Mchoro mzima, mstari mmoja, maana moja. Wamekitupa kila kitu isipokuwa hicho. Michoro ya semina zetu imefanya kinyume: imebakiza majina yote ya visanduku, marefu na yenye maneno ya kitaalamu, ikaitupa maana ya mstari.

Wazee wa hapa hawakuwa wageni wa kufunga mawazo kwenye alama. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama na kutumiwa kufundishia vijana kwenye jando. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika mafundisho hayo na kuyachapisha kwa majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Kila alama kwenye fimbo ilishika fundisho lake, na mwalimu alizipitia moja baada ya nyingine akisema kila moja inabeba nini. Kwangu hili lina uzito mkubwa. Fimbo haikujidai kusema peke yake. Alama ilikuwa mahali pa kusimamia, na maneno yalitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na wajibu wa kuyasema kwa ukamilifu. Umtoe mwalimu, unabaki na mti wenye michoro.

Hali hiyo unaiona ukishika barabara ya kusini, kupita Babati mpaka Kolo, wilaya ya Kondoa. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro ya miambani, na mwaka 2006 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu waliorefushwa, twiga, tembo, mistari, miduara. Wataalamu wameweza kueleza mengi kuhusu rangi, mitindo na mpangilio wake, na zipo jamii ambazo bado zinayatumia baadhi ya maeneo hayo kwa matambiko. Lakini sehemu kubwa ya kile ambacho wachoraji wale walikuwa wanaambiana imekwenda nao. Inauma kuona rangi ya udongo mwekundu imedumu kuliko maana yake.

Bango kitita liko katikati ya hali hizo mbili. Asubuhi lina mwezeshaji pembeni, kwa hiyo mishale mitupu inaeleweka, au inaonekana kueleweka, kwa kuwa mtu anaongea. Jioni limekunjwa na kubebwa na mtu ambaye hakuwepo ukumbini. Kuanzia hapo ni Kolo.

Aliyenifundisha kulitazama tatizo hili vizuri ni Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wakifuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi kadiri wanavyokua, wakawa na mahojiano mengi kuliko walivyoweza kuyalinganisha. Walitafuta njia ya kuyaweka kwenye karatasi moja ili waone mtoto anaunganisha nini na nini, na hapo ikazaliwa ramani ya dhana. Wazo liko ndani ya duara au kisanduku, kama kwingine kote. Tofauti iko kwenye mstari: juu ya kila mstari lazima yaandikwe maneno ya kuunganisha, ili kisanduku, mstari na kisanduku vikisomwa pamoja vitoe sentensi kamili. Mtoto aliyeandika "mmea", "jua" na "chakula" anaweza kuonekana anajua. Akiandika juu ya mstari kwamba mmea "hupata chakula kutoka" udongoni, mwalimu ameona papo hapo pa kuanzia.

Tony Buzan wa Uingereza alieneza kuanzia 1974 namna nyingine, ramani ya mawazo yenye kitovu kimoja na matawi ya rangi, na hiyo ndiyo iliyoshika zaidi katika shule na semina zetu. Sina ugomvi nayo kwa kukumbuka mambo au kupanga hotuba. Ila matawi yake hayalazimishwi kusema chochote. Ukiinyoosha unapata orodha.

Jaribu kukichora kihamba, shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake, kwa njia ya Novak. Andika mgomba, kahawa, ng'ombe, miti ya kivuli, mfereji, mama mwenye nyumba. Sasa unganisha. Mgomba "huipa kivuli" kahawa. Ng'ombe wa zizini "hutoa mbolea kwa" mgomba. Mgomba "huliwa majani na shina na" ng'ombe. Mama "hukata majani kwa ajili ya" ng'ombe. Tayari una mzunguko, na umeuona kwa kuwa mistari miwili kati ya mgomba na ng'ombe ina maneno tofauti na inakwenda pande tofauti. Endelea. Mgomba "hugombania maji na" kahawa. Hapo mmeshaanza kubishana, maana mwingine ukumbini atasema kwake sivyo, mfereji wake haukauki. Nani anauza ndizi, na nani anauza kahawa? Mstari wa fedha ya ndizi kwenye familia nyingi za mlimani unakwenda kwa mama, na wa kahawa unakwenda kwa baba. Afisa ugani anayekuja kushauri "ng'oa migomba kahawa ipate nafasi" angeona kwenye karatasi hiyo kwamba anagusa chakula, lishe ya ng'ombe, samadi na mfuko wa mama kwa pigo moja. Kwenye mchoro wa visanduku vitupu angeona mazao mawili.

Kinachonivutia kwenye sentensi hizo fupi ni kwamba zinaweza kukataliwa. "Mgomba hugombania maji na kahawa" ni dai. Mtu anaweza kusimama akasema hapana, akatoa ushahidi. Mstari mtupu haukataliki, kwa kuwa haujasema. Mkutano mzima unaweza kuupitisha, kila mmoja na maana yake kichwani.

Miradi mingi iliyopita mikoa ya kaskazini ilikuja na mti wa matatizo. Mizizi ni sababu, shina ni tatizo, matawi ni matokeo. Shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, liliusambaza sana kuanzia miaka ya 1980 pamoja na kadi za manila zinazobandikwa ukutani, na wafadhili wengine wakafuata. Mti una faida moja kubwa, kwamba unamzuia mtu kuanza na suluhisho. Lakini mti hauna mzunguko. Utomvu unapanda kutoka mizizini kwenda matawini na hakuna tawi linalorudi kuwa mzizi. Maisha ya watu hayako hivyo. Mtoto mgonjwa hali vizuri, na asiyekula vizuri anaugua. Lipi ni mzizi?

Jibu zuri la swali hilo lilitoka hapahapa Tanzania, na inanisikitisha kwamba hatulitaji kwa fahari. Mwaka 1983 ulianza mkoani Iringa mradi mkubwa wa lishe wa serikali yetu, kwa msaada wa WHO na UNICEF. Iringa ilikuwa, na bado ni, ghala la mahindi, na bado watoto wengi walikuwa na utapiamlo. Chakula kipo, mtoto amedhoofu. Watu wa mradi ule, Watanzania na wageni, walilazimika kukiweka kitendawili hicho kwenye karatasi, na mchoro uliotokana na uzoefu huo ndio UNICEF iliouchukua mwaka 1990 kuwa msingi wa mkakati wake wa lishe. Umefundishwa duniani kote tangu hapo.

Uchunguze mchoro wenyewe. Juu kabisa kuna utapiamlo na kifo cha mtoto. Chini yake kuna sababu za papo hapo, mbili tu: mlo usiotosha na maradhi, na kati ya hizo mbili mshale una vichwa viwili. Ule mshale mmoja wa pande mbili una kazi kuliko mti mzima wa matatizo, kwa kuwa unakataa kuchagua mzizi pasipo mzizi. Chini yake zinakuja sababu za ngazi ya kaya: chakula cha kaya, matunzo ya mama na mtoto, huduma za afya pamoja na mazingira. Chini zaidi ni rasilimali na namna jamii inavyozigawa, siasa na uchumi. Mtu aliyeshikilia kwamba utapiamlo ni uhaba wa chakula alionyeshwa kwamba ana kisanduku kimoja kati ya vitatu. Mama anayeshinda shambani mwezi wa palizi na kumwachia mtoto uji wa asubuhi hadi jioni akapata mahali pake kwenye nadharia, kwenye kisanduku cha matunzo.

Mishale mingine ya mchoro ule nayo haina maneno juu yake. Sitasema ni kamilifu. Lakini kila ngazi ilipewa jina linaloeleza mshale unaotoka hapo ni wa namna gani, wa papo hapo, wa kaya au wa msingi, na vijiji vya Iringa havikuachiwa mchoro peke yake. Watoto walipimwa uzito mara kwa mara kwenye siku ya afya ya kijiji, kadi zikaonyesha nani anapanda na nani anashuka, na kikao cha kijiji kikakaa kuuliza kwa nini, kikatenda, kikapima tena. Tathmini, uchambuzi, hatua, kisha mwanzo tena. Mchoro ulikuwa na watu wa kuusema kila ulipofunguliwa.

Kuna alama ambazo hazina mtu wa kuzisema, na hizo zinanitia hofu. Nenda Ngarenanyuki kwenye mashamba ya nyanya, au simama kwenye duka lolote la pembejeo Arusha mjini, uchukue chupa ya dawa ya wadudu. Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Juu ya mkanda kuna picha ndogo nyeusi na nyeupe zilizobuniwa miaka ya 1980 na FAO pamoja na chama cha kimataifa cha watengenezaji wa viuatilifu, kwa nia njema kabisa ya kumfikia mkulima asiyesoma lebo. Mkono wenye glavu, gambuti, mkono unaomimina, mtu anayenyunyiza, bomba la maji na mikono inayonawa, samaki.

Picha hizo zina sarufi. Picha ya kazi huwekwa ndani ya fremu moja na picha ya kinga: mkono unaomimina pamoja na glavu, maana yake unapomimina vaa glavu, mtu anayenyunyiza pamoja na gambuti, maana yake unapopuliza vaa gambuti. Fremu ndiyo kitenzi. Mkulima aliyefundishwa hilo anaisoma lebo kama sentensi. Asiyefundishwa anaona msururu wa vitu. Anaweza kudhani glavu ni za kazi fulani tu na si nyingine, anaweza kudhani samaki maana yake dawa haina madhara kwa samaki, na ni rahisi sana kudhani mkanda wa kijani unamaanisha salama, wakati unachosema ni kwamba dawa ikitumiwa ipasavyo haielekei kumdhuru mtu papo hapo. Picha zimechapishwa kwa miongo, sarufi yake haijafundishwa kwa nguvu hiyohiyo. Tunaamini picha inajieleza, na imani hiyo inalipiwa na anayebeba bomba mgongoni.

Mtu mmoja aliyeifikiria kazi hii kwa kina ni Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi Vienna mwaka 1925 ili mfanyakazi wa kawaida aone takwimu za mji wake kwa picha. Mfumo wake, ulioitwa Isotype, ulikuwa na kanuni kali. Idadi kubwa zaidi huonyeshwa kwa picha nyingi zaidi, kamwe si kwa picha kubwa zaidi, kwa kuwa jicho haliwezi kulinganisha ukubwa kwa uaminifu. Kilicho muhimu zaidi kwangu ni kwamba kati ya mtaalamu mwenye takwimu na mchoraji mwenye kalamu waliweka mtu wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua mchoro useme nini na msomaji akumbuke nini. Marie Neurath, aliyekuja kuwa mke wa Otto, aliifanya kazi hiyo, na miaka ya 1950 aliipeleka Nigeria ya Magharibi, ambako alilazimika kubadili alama nyingi zisizoeleweka huko. Semina zetu zina mtaalamu na zina mwenye kalamu. Wa tatu hayupo.

Charles Bliss naye, aliyeokoka kambi za Wanazi na kuhamia Australia, alichapisha mwaka 1949 lugha ya alama aliyotaraji ingezuia watu wasidanganyane tena kwa maneno. Dunia haikuichukua. Ila mwaka 1971, mjini Toronto, walimu wa watoto wenye ulemavu wa ubongo wasioweza kutamka waliijaribu, na watoto wakaanza kusema kwa kugusa alama ubaoni. Katika lugha hiyo moyo wenye mshale wa kwenda juu ni furaha, na moyo wenye mshale wa kwenda chini ni huzuni. Mtoto anajifunza hilo na hatabahatisha tena. Nalitaja hili kwa wale wanaosema kwamba kuandika juu ya mishale kunawatenga wasiojua kusoma. Mshale unaweza kupewa maana bila herufi hata moja, kwa rangi, kwa nukta, kwa unene, kwa alama ndogo, alimradi maana imetajwa wazi na kukubaliwa na wote kabla ya kuanza kuchora. Watoto wa shule ya msingi wanafundishwa kwamba ramani bila ufunguo haijakamilika. Mchoro wa mradi wa mamilioni haupaswi kudaiwa kidogo kuliko ramani ya mtoto.

Isitoshe, wasiosoma ndio wanaochora vizuri kuliko sisi wakipewa nafasi. Kwenye mipango shirikishi, iwe ya mashirika au ya mfumo wa serikali wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ramani ya kijiji huanza kuchorwa chini, kwa majivu, mawe, vijiti na majani. Hapo mstari hauna ububu. Mama anayeburuta kijiti anasema "hapa ndipo maji yanapokatika Januari," mwingine anamjibu, jiwe linasogezwa, mstari unafutwa kwa mguu na kuchorwa upya. Kisha mtendaji ananakili kwenye karatasi. Anachukua mawe na mistari, anaacha maneno, na mzozo uliokuwa na afya unageuka picha tulivu iliyobandikwa ukutani.

Ninachopendekeza ni kidogo, na naamini Tengeru, kwenye chuo cha maendeleo ya jamii, na Moshi, kwenye Chuo Kikuu cha Ushirika, ndiko kunakofaa kuanzia, kwa kuwa wanaotoka huko ndio wanaokwenda kushika kalamu vijijini. Kila mstari unaonakiliwa uandikwe neno lililosemwa ulipochorwa. Mstari uliokubaliwa uchorwe mzima, uliobishaniwa uwe wa nukta, na pembeni iandikwe nani alibisha. Chukua mfereji wa asili upande wa Old Moshi au Marangu. Kutoka "mashamba ya juu" kwenda "mfereji kukauka huku chini" uchorwe mstari wa nukta wenye maneno "huchota usiku, nje ya zamu", na chini yake: watu wa juu wanakataa, wanasema mfereji unavuja njiani. Ofisa mpya atakayehamia kata hiyo wakati wa kiangazi, bila kumjua mtu yeyote, atakuwa na madai mawili ya kwenda kuyakagua kwa miguu: mfereji wenyewe mchana, na vizuio vyake usiku.